Sababu unayo, utaratibu je?

Nimefundisha sheria za biashara chuoni muda mrefu sana, mikataba, makampuni, hundi, mauziano ya bidhaa, na sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa pia nasikiliza migogoro ya kazi. Nilianza kama msuluhishi na mwamuzi wa muda kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile kila mtu anaiita CMA, baadaye nikawa nachaguliwa na pande zenyewe, kampuni na chama cha wafanyakazi, kwa mujibu wa mkataba wao wa hali bora. Watu wananiuliza, Prof hivi huko umejifunza nini, na mi jibu langu halibadiliki: kesi ya kazi haiamuliwi Tume. Imeshaamuliwa kitambo, ofisini kwa HR, yule mtu wa rasilimali watu, siku ile mtu ameitwa akaambiwa acha funguo hapo mezani uende zako. Sisi tunakuja tu kusoma kilichoandikwa siku ile, na mara nyingi hakuna kilichoandikwa.

Kwa wasiojua, mfumo huu tulionao Tanzania Bara (Zanzibar wana sheria zao) unatokana na sheria mbili za 2004, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini na Sheria ya Taasisi za Kazi. CMA yenyewe ilianza kazi 2007, mwaka huo huo zikatoka na kanuni zake. Kabla ya hapo wazee wetu walikuwa na ile Sheria ya Usalama wa Ajira ya 1964, kuna kamati za usuluhishi, ukishindwa unakwenda kwa Waziri, na mwajiri hata akiambiwa mrudishe huyu mtu anaweza kulipa fidia akaachana naye. Waliotunga sheria mpya walitazama sana Afrika Kusini, hata sura ya Tume yenyewe imefanana na ile ya kwao, ila kuna kitu kimoja kilinishangaza nilipozilinganisha kwa mara ya kwanza: kwao miezi 12 ya mshahara ndo kikomo cha juu cha fidia kwa kawaida, sisi tukaandika isipungue miezi 12. Yaani dari ya wenzetu sisi tukaifanya sakafu! Marekebisho yamekuja baadaye kwa hiyo usichukue namba zangu ukaenda nazo Tume kesho, soma sheria kama ilivyo leo. Ila miaka niliyokuwa nasikiliza, hiyo miezi 12 ndo ilikuwa inawatoa jasho waajiri.

Sasa mtu aliyelelewa na sheria za biashara anaingia kwenye kazi hii na mazoea yake. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo mama yake ni ile Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, inakufundisha kuona watu wawili wenye akili timamu, wamekaa mezani, kila mmoja kwa hiari yake, wamekubaliana bei, wamesaini. Nafundisha hivyo darasani na ni kweli kabisa ukiongelea mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza kontena. Lakini njoo Tume asubuhi ukae pale kwenye benchi uangalie watu wenye bahasha za kaki. Mwulize mmoja mkataba wako uko wapi, anakwambia nilisaini ila kopi hawakunipa. Mwingine mkataba aliuona siku moja tu, ya kusaini, ukiwa umekunjwa aone sehemu ya sahihi. Mwingine kazi kapewa kwa simu, njoo kesho, na hiyo kesho imefika miaka tisa. Hapo habari ya watu wawili mezani inaisha.

Na sheria ya kazi inalijua hilo, ndo maana imegeuza mzigo. Mwajiri ndo anatakiwa kumpa mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi na kuyatunza, na mgogoro ukija asipoyaleta, kazi ya kuthibitisha kwamba mambo sivyo anavyosema mfanyakazi inakuwa ya kwake. Kwenye kuachishwa kazi ni hivyo hivyo, kifungu cha 37 kinataka sababu halali na utaratibu wa haki, vyote viwili, na kifungu cha 39 kinasema mwajiri ndo athibitishe. Kwa hiyo kwenye shauri la kuachishwa kazi mwajiri ndo anaanza kutoa ushahidi hata kama mfanyakazi ndo kafungua shauri. Sikumbuki mara ngapi nimeangaliwa kwa mshangao nikisema hivyo, bosi mmoja akaniambia Mheshimiwa sasa mi nimeshtakiwa mimi afu ndo nianze kujieleza? Ndio, ndo uanze.

Hapa kwenye utaratibu ndo nataka nikae, maana ndo penye vurugu zote. Waajiri wengi wanaamini utaratibu ni mapambo, ni janja ya mawakili, kwamba mtu kaiba kaonekana sasa vikao vya nini. Kuna shauri moja la duka la vifaa vya ujenzi, mwenye duka mzee wa heshima zake, kaanza na kibanda kafika alipofika kwa jasho lake. Mtunza stoo wake kamera ikamwonyesha anapakia roli za waya kwenye bajaji saa ambayo duka linafungwa. Mzee akaona video, damu ikachemka, akamwita mbele ya wateja akamtukana, akanyang'anya funguo, usiku akamtumia meseji, usije tena. Basi. Hiyo ndo ilikuwa barua ya kuachishwa kazi.

Siku ya kusikilizwa mzee kaja na flashi yake, kwa uhakika kabisa, tukaangalia video wote. Na kweli mtu anapakia waya. Ilipofika zamu ya mtunza stoo akasema zile roli zilikuwa za mteja, zilirudishwa kwa sababu saizi haikuwa yenyewe, mteja akabadilishiwa zingine siku hiyo, na karatasi ya kubadilishia alibaki nayo msimamizi wa mauzo. Msimamizi yuko wapi? Ameshaacha kazi, yuko mkoani, simu haipatikani. Karatasi je? Hakuna aliyeitafuta. Nikamwuliza mzee, ulimwuliza huyu kijana chochote kabla hujamtumia ile meseji? Akasema, nimwulize nini na nimemwona.

Mpaka leo sijui kama yule kijana aliiba au la. Hilo ndo linanikera kuhusu ile kesi. Muda wa kujua ulikuwepo, wiki ile ile, msimamizi bado yupo, vitabu vya mauzo vipo, mteja anapatikana kwa simu, ungefanyika uchunguzi wa siku mbili tatu, angepewa tuhuma kwa maandishi, angepewa angalau saa 48 ajiandae kama kanuni zinavyotaka, angekuja na mwenzake wa kumsaidia, angekaa mbele ya mtu wa juu ambaye hakuhusika na tukio, akaulizwa. Ukweli ungetoka hapo, kwa namna yoyote ile. Kile kikao cha nidhamu watu wanachokidharau hakikuwekwa kumfurahisha mfanyakazi, ni mahali pekee ambapo jambo linaweza kujulikana likiwa bado bichi. Tume linafika limeshaoza, mashahidi wamehama, karatasi zimefungiwa maandazi.

Nikaandika tuzo, ndo uamuzi wa mwamuzi unavyoitwa, kuachishwa hakukuwa kwa haki, sababu haikuthibitishwa na utaratibu haukuwepo, alipwe fidia, notisi, likizo aliyokuwa hajachukua na apewe cheti cha utumishi. Mzee akanifuata nje, kwa upole kabisa wala hakufoka, akasema kwa hiyo Mheshimiwa mwizi analipwa. Nikamwambia mzee wangu, mi sijasema si mwizi, nimesema hujanithibitishia. Akatikisa kichwa akaondoka. Namuelewa. Kwa mtu wa biashara ambaye kamera yake imeona, lile ni jibu la hovyo.

Ila tusimwonee mwenye duka mdogo, makampuni makubwa yenye idara nzima ya rasilimali watu ndo yana vituko zaidi kwa sababu yenyewe yanajua utaratibu ukoje, kwa hiyo yanautengeneza. Unaletewa muhtasari wa kikao cha nidhamu umepigwa chapa vizuri, kurasa saba, afu unagundua aliyemtuhumu mfanyakazi ndo shahidi wa kwanza, ndo mwenyekiti wa kamati, na ndo kasaini barua ya kumwachisha. Au mjumbe kasaini mahudhurio siku ambayo faili lake mwenyewe linaonyesha yuko likizo. Ninayoipenda kuliko zote (kama neno kupenda linafaa hapo) ni ile ya tarehe: barua ya kuachishwa kazi ya tarehe 3, kikao cha nidhamu tarehe 5. Wakili wa kampuni akasimama akasema ni makosa ya uchapaji Mheshimiwa. Sawa, lakini kwenye dispachi nako mfanyakazi amesaini kuipokea tarehe 3, na huko ni kwa mkono.

Kuna mama mmoja mfagiaji, kiwandani, alipewa tuhuma za kimaandishi kwa Kiingereza cha kortini kabisa. Mama kaishia darasa la saba. Barua akampelekea mtoto wa jirani wa kidato cha pili amsomee, mtoto akasoma akamwambia mama nadhani wanasema umedanganya ila sijui umedanganya nini. Akaenda kwenye kikao hivyo hivyo, akaulizwa una la kusema, akasema naomba mnisamehe, wakaandika amekiri. Kanuni za mwaka 2007 zimesema wazi tuhuma ziwe kwa namna na lugha ambayo mfanyakazi anaweza kuielewa. HR alipoulizwa kwa nini Kiingereza akajibu ndo fomu ya kampuni ilivyo. Huyu ni Mtanzania anamwandikia Mtanzania mwenzie, wote wanaongea Kiswahili kutwa nzima, wanatafutana kwa Kiswahili wakati wa chai, ila siku ya kumfukuza ndo Kiingereza kinatolewa kabatini.

Sasa nieleze kitu ambacho hakipo kwenye kitabu chochote, shikamoo. Ukifundisha muda mrefu wanafunzi wako wako kila mahali. Wakili wa kampuni ulimfundisha, HR ulimfundisha masomo ya jioni, hata katibu wa chama cha wafanyakazi alipita kwako. Unafika asubuhi, kwenye korido kijana kavaa suti anasimama haraka, shikamoo Prof! Marahaba, hujambo, mama hajambo. Vizuri, ni adabu, ndo tulivyolelewa. Ila pembeni pale kakaa dereva kafukuzwa kazi, ameona mwamuzi wake anaulizana hali na wakili wa bosi kama baba na mwana. Kwa akili yake kesi imekwisha, na hata ukimpa ushindi wa nusu ataamini ile nusu nyingine ililiwa kwenye korido. Huwezi kukataa shikamoo ya mtu, utaonekana una laana. Nilichoamua ni kwamba nikiingia kitu cha kwanza kabla hata ya majina, nasema kwa sauti, huyu mheshimiwa wakili nilimfundisha chuoni, hatuna undugu wala biashara, kuna mwenye pingamizi nisisikilize shauri hili? Na namwangalia yule dereva namsubiri ajibu kwa mdomo wake. Mara nyingi anasema hapana. Mara chache amesema ndio, na nikajitoa, wakili akanuna. Na kampuni yoyote niliyowahi kuipa ushauri wa kulipwa nilikuwa sigusi shauri lake hata kama ushauri wenyewe ulikuwa wa kodi na umepita miaka.

Usuluhishi ni kazi nyingine kabisa na kusema kweli ndo niliupenda zaidi. Kila mgogoro unaanzia huko, sheria imetoa siku 30, na pale kwa kawaida huamui kitu. Msuluhishi ni kama mshenga, anatoka chumba hiki anaingia kile, anabeba maneno, mengine anayabeba kama yalivyo na mengine anayalainisha njiani. Yanayosemwa pale hayatakiwi kuja kutumika kama ushahidi baadaye kwa hiyo watu wanafunguka. Nimeona shauri la muuza duka aliyekuwa anadai milioni kadhaa kwenye fomu, tukakaa pembeni naye tu, nikamwuliza dada yangu hivi wewe hasa unataka nini, akalia, akasema nilifanya kwa yule mama miaka sita, nilikuwa namsindikiza hadi hospitali, siku ya kunifukuza akanipekua mkoba mbele ya wapangaji. Nikaenda chumba cha pili. Yule mama tajiri naye alikuwa na kinyongo chake, alishaweka mambo mengi moyoni. Tulichokipata mwisho ni mshahara wa mwezi aliokuwa anadai, notisi, likizo, cheti cha utumishi chenye maneno ya heshima, na mama akasema mbele yetu, mwanangu mkoba nilikosea. Hela ilikuwa robo tu ya alichoandika kwenye fomu. Akasaini bila kusukumwa.

Nisije nikaeleweka kwamba wafanyakazi wanataka samahani tu, hapana, watu wana kodi ya nyumba na ada za watoto, wanataka hela. Na kuna wasuluhishi wanalazimisha, wanamtisha mfanyakazi ukienda mbele utapoteza chukua hii, ili faili lifungwe. Hiyo siyo kazi. Ila nimeona mara nyingi mno kwamba kiasi mtu anachodai kinaongezeka kadiri alivyodhalilishwa, na mwajiri angemwachisha kazi kwa sababu ile ile ila kwa heshima, wala asingeletwa.

Mahudhurio nayo. Mlalamikaji asipotokea kwenye usuluhishi shauri lake linaweza kutupwa, na mwajiri asipotokea msuluhishi anaweza kuamua shauri bila yeye. Waajiri wengine wakipata wito wanautupa kwenye droo, wanadhani ni barua ya kuombwa mchango wa harusi. Wanakuja kushtuka dalali wa mahakama amefika getini.

Na upande wa wafanyakazi kinachowaua ni siku 30. Mgogoro wa kuachishwa kazi ufunguliwe ndani ya siku 30, mingine 60, fomu namba moja, hulipii chochote. Sasa mtu anafukuzwa, bosi au HR anamwambia kaka wewe tulia tunalishughulikia, usitupeleke huko, sisi ni familia. Anatulia. Mwezi wa kwanza anapigiwa, mwezi wa pili anapiga yeye, mwezi wa tatu simu haipokelewi, wa nne anakuja Tume. Hapo anaanza kuomba kusamehewa kuchelewa, ajaze fomu nyingine, aeleze sababu, ahesabu kila siku aliyochelewa, na kusema nilikuwa nazungumza na mwajiri kwa kawaida hakusaidii. Nimeyakataa maombi ya namna hiyo huku najua kabisa kuna uwezekano mtu aliachishwa ovyo. Ndo kazi yenyewe, kama nawabana waajiri kwa utaratibu siwezi kuulegeza kwa wafanyakazi kwa sababu tu nimewaonea huruma. Ila ningekuwa na uwezo hizo siku 30 ningeziandika kwenye kuta za kila kituo cha daladala.

Kujiuzulu kwa kulazimishwa ni sura nyingine. Kisheria mtu akiacha kazi kwa sababu mwajiri amefanya mazingira yasivumilike, ile ni sawa na kuachishwa, ila mfanyakazi ndo anatakiwa aonyeshe kwamba hayakuvumilika. Ngumu kuthibitisha. Waajiri werevu wanajua, wanamwita mtu ofisini saa kumi na moja jioni, mlango unafungwa, anaambiwa chagua polisi au barua. Mmoja aliletewa barua yake ya kuacha kazi imeshachapwa, kwa hiari yangu mwenyewe na kwa sababu za kifamilia, kilichobaki sahihi. Kampuni ikaja nayo Tume kwa kujiamini. Nilipoigeuza geuza nikaona imechapwa kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, anwani na sanduku la posta na kila kitu, mtu anaacha kazi kwa hiari kwa kutumia karatasi za bosi! Nikamwuliza HR, hizi karatasi wafanyakazi wa stoo wanazipata wapi? Akaangalia wakili. Wakili akaangalia dirishani.

Kupunguza wafanyakazi sitakaa sana. 2020 corona ilipofunga utalii, Arusha na kwingineko hoteli na makampuni ya safari yalipunguza watu, na sababu ilikuwa halali bila ubishi, ndege hazishuki wageni hawapo utamlipa mtu na nini. Lakini hata hapo sheria inataka utoe taarifa, utoe takwimu, ukae nao au chama chao mzungumze kabla hujaamua, nani aondoke kwa vigezo gani, kuna njia nyingine, likizo bila malipo, nusu mshahara kwa muda. Waliokaa na watu wao hata kama ni kwa kikao cha chini ya mwembe, walisaini makubaliano na kuachana vizuri. Waliobandika majina kwenye ubao wa getini walikuja kukutana nasi. Na kiinua mgongo kinawachanganya watu sana, wengi wanadhani ni mamilioni, kumbe ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, na mwisho unahesabiwa miaka 10. Ukimpigia mtu hesabu hiyo anakuangalia kama wewe ndo umezila.

Kwa wenzangu wanaotaka kuifanya kazi hii, hasa tuliotoka vyuoni tunaopenda kuandika marefu: andika kila kitu wakati shahidi anaongea, mwapishe kabla hajafungua mdomo, saini ukimaliza ushahidi wa kila mmoja. Inaonekana kitu kidogo. Mahakama ya Rufani imefuta mienendo yote ya mashauri ya Tume kwa sababu mashahidi hawakuapishwa au mwamuzi hakusaini, watu wanaambiwa rudini mkaanze upya, mfanyakazi kakaa miaka mitano anasubiri na sasa anarudi kwenye benchi lile lile. Utaratibu tunaowadai waajiri na sisi unatuhusu. Na tuzo ukishaimaliza una siku 30 za kuitoa, usikae nayo unatafuta maneno mazuri.

Siku hizi ma-HR wanakuja kwenye semina wengi, wanaandika sana, mwisho wananifuata, Prof naomba utusaidie fomu tu ya kikao cha nidhamu, tuwe tunajaza. Nawapa. Ila nawaambia pia hiyo fomu ina mistari mitupu sehemu ya maelezo ya mfanyakazi, na mistari hiyo haijazwi kabla hajaongea. Wanacheka. Mmoja hakucheka.

Kuna kitu kimoja hawa wa semina hawakiulizi kabisa, kukaza tuzo, yaani kuifanya itekelezwe. Mwamuzi akishatoa tuzo kazi yake imeisha, faili linaondoka, asiyeridhika ana wiki sita za kuomba Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi ifanye mapitio, na asiyepingwa anaikaza kama amri ya mahakama. Kwenye karatasi ni rahisi. Kuna mlinzi mmoja nilimpa tuzo dhidi ya kampuni yake ya ulinzi, miezi ikapita akanipigia simu, namba alivyoipata sijui, Mheshimiwa nimeenda ofisini kwao nimekuta saluni. Kampuni imehama, jina jipya, vitambaa vya bega vipya, wakurugenzi wale wale. Sikutakiwa kumsaidia na sikumsaidia, nilimwambia tu aende masjala aulize kuhusu dalali wa mahakama. Yeye mwenyewe, kwa ulinzi wake, akakaa nje ya lindo alilokuwa akilinda zamani akaandika namba za magari yanayoleta zamu, akaenda Brela, wanaosajili makampuni, kuulizia kampuni na akapeleka namba kwa dalali, gari moja lilikuwa bado limesajiliwa kwa jina la zamani. Likakamatwa asubuhi likiwa limeshusha walinzi wa zamu. Fedha ambayo haikuwepo kwa zaidi ya mwaka ilipatikana jioni ile ile, tena taslimu. Michango yake ya NSSF ambayo walikuwa wanamkata na hawapeleki, hiyo bado, mara ya mwisho tulipoongea alikuwa ndo anatoka kuifuatilia.